Mapishi ya Kihindi ya fasta: Vitu vya kuwa navyo kabatini kabla ya kuwasha jiko

Saa moja na nusu usiku. Mtu ametoka kazini, foleni imemmaliza, watoto wanauliza chakula kiko wapi. Jikoni kuna mchele, kitunguu kimoja na nyanya mbili zilizolegea. Hapo ndipo simu inatolewa mfukoni na chipsi zinaagizwa, kwa hela ambayo ingelisha nyumba siku mbili.

Muda huo huo, katika nyumba nyingi za familia zenye asili ya India, iwe Kisutu jijini Dar es Salaam, Mombasa au Mumbai kwenyewe, kuna sufuria ya dali inatokota. Nusu saa baadaye watu wanakula: dali, wali, mboga moja ya kukaanga, achari pembeni. Dali ni ule mchuzi mzito wa dengu, adesi, choroko au mbaazi, na ndiyo chakula cha kila siku cha mamilioni ya Wahindi.

Watu wengi wakisikia chakula cha Kihindi wanawaza biriani ya harusi au kuku wa hotelini aliyeogelea kwenye krimu. Kweli, hivyo vinataka muda. Chakula cha nyumbani ni kitu kingine kabisa. Kinachochelewesha ni mambo matatu tu: kuchemsha nafaka za jamii ya kunde, kukaanga vitunguu hadi viive sawasawa, na kutafuta viungo ambavyo havipo. Yote matatu yanamalizwa na kabati lililopangwa, na sehemu kubwa ya vitu hivyo ipo tayari kwenye masoko ya Afrika Mashariki. Chapati, sambusa, bajia na achari zilishahamia huku siku nyingi.

Majina kwanza, maana yanachanganya

Kabla ya kwenda sokoni kuna mtego wa majina. Neno "bizari" au "binzari" peke yake halimwambii muuzaji kitu cha uhakika. Bara, wengi wakisema binzari wanamaanisha unga wa njano: wengine manjano matupu, wengine unga wa mchuzi uliokwisha kuchanganywa. Pwani, bizari nyembamba au bizari ya pilau ni zile mbegu ndogo ndefu za kahawia ambazo Zanzibar huitwa uzile, na Wahindi huziita jira. Mtu aliyetumwa jira akarudi na manjano hajakosea sana, ila dali itaonja tofauti kabisa.

Giligilani nayo ina mkanganyiko wake. Mbegu zake za duara ni giligilani, majani yake pwani huitwa kotmiri, na Kenya vyote viwili huitwa dania. Halafu kuna dengu. Tanzania dengu ni zile punje kubwa za rangi ya kahawia zinazotoa unga wa bajia. Kenya, "ndengu" ni choroko za kijani. Mapishi yaliyoandikwa Nairobi na kupikwa Morogoro yanaweza kumwacha mtu anachemsha dengu kwa saa mbili akishangaa kwa nini haziivi kama alivyoambiwa.

Kwenye maduka ya Wahindi pakiti nyingi huandikwa majina ya kwao, kwa hiyo ni vizuri kuyajua machache: haldi ni manjano, rai ni mbegu za haradali, methi ni uwatu, elaichi ni iliki, hing ni mvuje.

Viungo vinavyotosha

Kuna mtu hununua viungo ishirini kwa siku moja, kwa sababu ameona video. Miezi sita baadaye kumi na viwili bado vimefungwa. Hiyo ni hasara tu.

Kwa kupika kila siku, vya lazima ni manjano ya unga, pilipili nyekundu ya unga, giligilani ya unga, na jira nzima. Vinne hivyo, chumvi na kitunguu saumu vinatoa dali, viazi vya kukaanga, mchuzi wa kuku na mboga karibu yoyote. Kinachofuata kwa umuhimu ni mbegu za haradali nyeusi, ambazo zikirushwa kwenye mafuta ya moto hupasuka na kutoa ladha inayofanana na karanga. Bila hizo chakula cha Gujarati na cha kusini mwa India hakikamiliki.

Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga nyumba nyingi za huku tayari zinavyo kwa ajili ya chai na pilau. Hivyo vikisagwa pamoja na jira na kungumanga kidogo, hiyo ndiyo garam masala. Inatiwa mwishoni, kijiko cha chai au pungufu, sufuria ikikaribia kuepuliwa. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia unga wa viungo vya pilau, maana viwili hivyo ni ndugu wa karibu. Kisichofaa ni kuweka unga wa mchuzi wa njano mahali pa garam masala: ule una manjano na giligilani nyingi, na ukitiwa mwishoni bila kuiva unaacha ladha ya ubichi.

Vinunuliwe kidogo kidogo. Gramu 50 za manjano zinamtosha mtu anayepika mara mbili tatu kwa wiki. Viungo vizima hudumu zaidi ya mwaka vikiwa na harufu yake, lakini vya unga huanza kufifia baada ya miezi michache, hasa vikikaa kwenye rafu iliyo juu ya jiko ambako mvuke na joto havikosekani. Kipimo ni pua. Chukua kidogo, sugua kiganjani, nusa. Kama harufu haipo, hata vijiko vitatu havitasaidia.

Nyumba nyingi za Kihindi hutumia masala dabba, bati la duara lenye vikopo saba vidogo ndani na kijiko kimoja. Uzuri wake ni kwamba kifuniko kimoja kikifunguliwa, kila kitu kipo mbele ya mpishi. Mafuta yakiwa ya moto, jira inataka sekunde kama kumi tu kabla haijaungua, na huo si muda wa kuanza kufungua mifuko ya nailoni kwa meno. Asiye na bati hilo atumie vikopo vyovyote vyenye mifuniko vilivyopangwa kwenye sinia moja.

Rangi ikizidi kung'aa

Manjano yana hadithi inayostahili kujulikana. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Bangladesh, walitoa matokeo yaliyoonyesha kuwa baadhi ya wasindikaji nchini humo walikuwa wanapaka mizizi ya manjano rangi ya viwandani yenye madini ya risasi ili ing'ae na iuzike. Risasi huharibu ubongo, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Serikali ya Bangladesh ilibana wauzaji, ikatoza faini na kuwaelimisha watu, na vipimo vilivyofanyika sokoni miaka iliyofuata vilionyesha tatizo limeshuka kwa kiasi kikubwa.

Kwa macho peke yake hakuna anayeweza kuona risasi kwenye unga. Ila kinachopunguza hatari kinafahamika: kununua kwa muuzaji anayejulikana, kuchagua pakiti yenye jina la msindikaji na nembo ya ubora ya nchi husika, au kununua mizizi mikavu na kuisagisha. Mizizi yenye njano kali isiyo ya kawaida kwa nje, inayobaki vidoleni kama chaki, iachwe hapo hapo.

Dengu, adesi na wenzao: hapa ndipo muda unapookolewa

Wengi hudhani kila kitu cha jamii ya kunde kinataka kulowekwa usiku kucha. Si kweli. Tofauti ni ganda na ukubwa wa punje. Zilizokobolewa na kupasuliwa huiva haraka. Nzima huchukua muda.

Adesi nyekundu, ambazo Wahindi huziita masur, ndizo za dharura. Hazilowekwi. Zikioshwa na kuchemshwa na maji mara tatu ya ujazo wake, zinaiva ndani ya dakika 15 hadi 20 na kugeuka njano zenyewe. Choroko zilizokobolewa zinakaribia hapo, dakika 20 hadi 25, na ni nyepesi tumboni. Kwa Wahindi ni chakula cha mgonjwa, hasa zikipikwa pamoja na wali kuwa kichuri. Mwenye nafasi ya kununua aina moja tu anunue adesi nyekundu.

Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa, ambazo kwao ni tur, ndizo za dali ya Kigujarati na sambar ya kusini. Zinachukua dakika 40 hivi kwenye sufuria ya kawaida. Kuna kitu cha kuchekesha kidogo hapa: sehemu ya mbaazi zinazoliwa India hulimwa Tanzania, na mwaka 2017 India ilipowekea kikomo mbaazi za kutoka nje, wakulima wa huku waliona bei ikiporomoka vibaya. Hata hivyo jikoni kwetu mbaazi nyingi bado zinapikwa nzima, kwa nazi, mapema asubuhi. Kwa nazi ni tamu, hakuna ubishi, ila kwa mtu aliyerudi saa moja usiku zile zilizopasuliwa ndizo mkombozi.

Dengu nzima zinataka kulowekwa saa 8 au zaidi, kisha saa nzima na ushee ya moto, au kama nusu saa kwenye presha kuka. Njia ya kuokoa gesi ni kuchemsha kilo nzima siku ya mapumziko, kugawa kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja, na kugandisha. Siku ya kazi zinatoka kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye mchuzi.

Maharage mekundu makubwa, yale ya rajma, yana tahadhari yake. Yakiwa mabichi au nusu mabichi yana sumu ya asili inayoweza kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache, na punje chache tu zinatosha. Yalowekwe angalau saa 5, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa maji mapya yanayotokota kwa nguvu, dakika 10 kwa uchache na 30 kwa usalama zaidi, kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yalainike. Moto mdogo tangu mwanzo hauui sumu hiyo.

Mchuzi wa akiba

Kama kuna jambo moja la kufanya mwisho wa wiki, ni hili. Karibu kila mchuzi wa Kihindi wa kaskazini unaanza na vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na nyanya vilivyokaangwa hadi mafuta yajitenge. Kazi hiyo inachukua dakika 30 hadi 40, na haipunguzwi kwa kuongeza moto. Vitunguu vitaungua nje na kubaki vibichi ndani, na mchuzi wote utakuwa na uchungu.

Basi ifanyike mara moja kwa wingi. Kilo moja ya vitunguu vilivyokatwa vyembamba, mafuta robo kikombe, moto wa wastani hadi viwe rangi ya dhahabu iliyokolea. Vinafuata vijiko viwili vya chakula vya tangawizi na vitunguu saumu vilivyotwangwa, dakika mbili. Halafu manjano kijiko cha chai, giligilani vijiko viwili vya chakula, pilipili kwa kadiri ya midomo ya nyumba hiyo, na maji kidogo ili viungo visiungue. Mwisho nyanya kilo moja zilizosagwa. Koroga hadi maji yakauke na mafuta yaonekane pembeni.

Ukipoa, mchuzi huo unagawanywa kwenye vikopo au vifuko, kimoja kwa mlo mmoja, na kuingizwa kwenye friza. Unakaa vizuri miezi miwili mitatu. Kifuko kimoja na dengu zilizochemshwa ni chana masala ndani ya dakika 15. Kimoja na mayai ya kuchemsha ni mchuzi wa mayai. Kimoja na vipande vya kuku, dakika 30.

Umeme ukikatika? Friza iliyojaa ikiachwa imefungwa hubaki na baridi ya kutosha kwa saa 48 hivi, iliyo nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Kwa hiyo kishawishi cha kufungua kila baada ya dakika kumi kuangalia kama vitu vimeyeyuka ndicho kinachoviyeyusha.

Asiye na friji asikate tamaa. Nyanya ya kopo, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka na kuwa kama bisi kisha vikafungiwa kwenye chupa kavu, na kipande cha tangawizi kinatwangwa papo hapo. Ladha inakaribia sana.

Kuna kosa moja lakini la kuepuka. Kitunguu saumu kilichotwangwa na kufunikwa kwa mafuta kisiachwe kwenye joto la kawaida la jikoni. Chini ya mafuta hakuna hewa, na hapo bakteria anayesababisha botulismu anaweza kukua na kutoa sumu inayopoozesha misuli, bila harufu wala rangi ya kumshtua mtu. Ndani ya friji kitumike kwa siku zisizozidi nne. Cha muda mrefu kigandishwe kwenye trei ya barafu, kipande kimoja kwa mlo mmoja.

Kuunga: dakika mbili zinazobadilisha sufuria

Dali iliyochemshwa na manjano na chumvi tu haina mvuto. Uhai wake unatoka kwenye tadka, ambayo mpishi yeyote wa huku ataielewa kwa neno moja: kuunga. Tofauti ni kwamba hapa kuungwa kunafanyika mwisho. Kikaango kidogo, vijiko viwili vya samli au mafuta. Yakipata moto, mbegu za haradali zinaingia na kikaango kinafunikwa, maana zinaruka hadi ukutani. Zikitulia, jira, kitunguu saumu kilichokatwa, pilipili kavu moja au mbili. Harufu ikipanda tu, vyote vinamiminwa juu ya dali kwa kishindo, na sufuria inafunikwa dakika moja.

Samli ina nafasi yake kabatini kwa sababu maji na maziwa yake yameshaondolewa, hivyo inakaa nje ya friji wiki nyingi bila kuharibika ikichotwa kwa kijiko kikavu. Mafuta ya alizeti pia yanafaa.

Unga wa dengu na vitu vya uchachu

Unga wa dengu watu wengi wanaujua kwa bajia peke yake, na hapo wanaupunja. Ukikorogwa na maji hadi uwe mzito kama uji mwepesi, ukatiwa kitunguu, nyanya, pilipili ya kijani, manjano na kotmiri, kisha ukamwagwa kwenye kikaango chenye mafuta kidogo kama chapati za maji, unatoa pudla ya Kigujarati. Dakika kumi, bila mayai, na inashibisha. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa ndani ya mtindi kabla ya kuuweka motoni kinasaidia usikatike, na ndivyo kadhi inavyopikwa.

Uchachu nao ni wa kuweka akiba. Ukwaju unakaa miezi. Ndimu ni za wiki. Mtindi ni wa siku chache. Dali ikionekana imepooza japo chumvi ipo, mara nyingi inadai matone ya ndimu, wala haidai viungo zaidi. Mwenye tui la nazi ana bahati: mapishi ya Kerala na Goa yanalitumia sana, na mpishi wa pwani ataona yuko nyumbani.

Mchele wowote mzuri unakubali. Basmati una harufu yake na punje zisizoshikana, lakini dali juu ya wali wa Kyela haijawahi kumkera mtu. Kwa upande wa mkate, ile chapati yetu ya tabaka ni jamaa wa paratha. Ya kila siku nyumbani India ni nyembamba, ya unga wa ngano isiyokobolewa uitwao atta, na haikaangwi. Inachomwa kwenye chuma kikavu. Kumi zinaweza kupikwa Jumapili, zikapoa, zikatenganishwa kwa karatasi na kugandishwa.

Majani ya kari, ambayo Wahindi huyaita karipata, ni ya ziada, lakini mti wake unaota vizuri hata kwenye ndoo kibarazani na majani hugandishwa bila shida.

Cha mwisho ni mvuje. Ni utomvu wa mmea unaouzwa kama unga kwenye kikopo kidogo, na harufu yake ikiwa mbichi ni mbaya, hakuna namna ya kuipamba. Chembe tu, pungufu ya robo kijiko cha chai, ikikutana na mafuta ya moto inageuka na kunukia kama vitunguu vilivyokaangwa, ndiyo maana Wahindi wasiokula vitunguu kwa sababu za dini huitegemea. Kikopo hicho kifungwe, kiwekwe ndani ya kopo jingine, kifungwe tena, na kikae mbali na sukari na majani ya chai.